Bibi Aliyeogopa Chakula: Somo juu ya Damu ya Utumbo



Muhula uliopita Mhariri alitangaza ya kuwa kila kidato kitoe somo moja la elimu kwa ajili ya gazeti letu. Wenzangu wa Kidato cha Nne walinichagua mimi niandike juu ya Bayolojia. Ningeweza kueleza habari za moyo au za jicho, lakini hayo yamo vitabuni mwetu na michoro yake mmeizoea. Nimeona heri nieleze jambo ambalo sikulikuta kitabuni. Nililikuta nyumbani kwetu wakati wa likizo, mkekani, mbele ya sinia ya chakula. Ni habari ya maumivu ya tumbo yanayorudi kila mtu alapo, kwa sababu damu haifiki ya kutosha katika utumbo.

Tafadhali liangalieni neno hilo. Sisemi "upungufu wa damu", maana huo ni ugonjwa mwingine, damu yenyewe inapokuwa hafifu mwilini. Hapa damu ipo tele, tena ni nzuri. Kasoro iko katika njia yake.

KISA CHENYEWE

Bibi yangu mzaa baba alikuwa mtu wa nguvu. Alilima, alisuka mikeka, na alivuta tumbaku yake ya kusokota tangu ujana wake. Alikuwa pia na ugonjwa wa presha, ambao dawa zake alizinywa siku alizokumbuka. Katika mwaka mmoja tu mwili wake ulianza kupungua. Kila nilipofika nyumbani kwa likizo nilimkuta amekuwa mdogo kuliko nilivyomwacha, mpaka khanga ikawa inamzunguka mara mbili.

Chakula kilipoandaliwa, Bibi alikula matonge mawili au matatu, kisha akatusogezea sinia. "Kuleni wajukuu zangu," alisema, "mimi nimeshiba." Sisi tulifurahi. Mimi niliyekuwa mkubwa ndiye niliyepata mnofu, kwa kuwa Bibi aliniita mume wake na kunipendelea. Watu wa nyumbani walimsifu kwa ukarimu. Hakuna aliyetambua ya kuwa Bibi hakuwa akitupa chakula kwa ukarimu peke yake, bali alikuwa akikikimbia.

Baadaye ilijulikana. Kila alipokula akashiba, haukupita muda wa nusu saa ila tumbo lilimshika katikati, karibu na kitovu, akajikunja mkekani saa moja, saa mbili, kisha maumivu yakaondoka yenyewe. Asipokula, haumwi. Ndipo shangazi yangu alipoanza kuhesabu mambo. Maumivu huja baada ya chakula. Na chakula hupikwa na nani? Hupikwa na mama yangu, mkaza mwana. Shangazi hakulisema neno hilo mbele ya watu, lakini aliwaambia wachache, na wachache wakawaambia wengi. Mama akaambiwa asimpikie Bibi tena. Bibi akachukuliwa kwa shangazi akakaa mwezi mzima, na huko nako maumivu yalikuja vilevile. Lakini neno likitoka halirudi, na mama yangu alikuwa akipika huku machozi yakimtoka, wala si kwa moshi wa kuni.

Katika zahanati alipewa dawa za minyoo, halafu dawa za vidonda vya tumbo kwa miezi kadhaa. Siwalaumu waliompa. Vidonda vya tumbo ni vingi kwetu, na ugonjwa wa Bibi ni adimu. Mganga huanza na lililo jirani. Mwishowe alipelekwa hospitali kubwa, na daktari mmoja akamwuliza maswali matatu tu: "Shikamoo Bibi. Maumivu huanza muda gani baada ya kula? Hukaa muda gani? Na je, waogopa kula?" Bibi aliposikia swali la tatu alilia. Alisema ya kuwa hakuna mtu aliyewahi kumwuliza hivyo.

Sasa na tuliache kisa hiki kidogo, tusome sababu.

DAMU YA UTUMBO HUTOKA WAPI?

Mtu mzima aliyepumzika, moyo wake husukuma damu kiasi cha lita 5 kila dakika. Katika hizo, kama robo nzima huenda katika mfuko wa chakula, utumbo, ini, bandama na kongosho. Hiyo ni zaidi ya lita 1 kila dakika, hata kama mtu amelala. Akisha kula, kiasi hicho huongezeka sana kwa muda wa saa chache, kwa maana utumbo huanza kazi. Hujikunja na kujikunjua ili usukume chakula, hutoa majimaji ya kukiyeyusha, na hufyonza kilichoyeyushwa. Kazi zote hizo zahitaji oksijeni, na oksijeni huletwa na damu.

Kutoka moyoni hutoka ateri kuu iitwayo aota. Aota huteremka mbele ya uti wa mgongo, na ifikapo tumboni hutoa kwa upande wake wa mbele matawi matatu, moja chini ya jingine:

1. Ateri ya siliaki. Hii hulisha mfuko wa chakula, ini, bandama, pamoja na sehemu ya kongosho na mwanzo wa utumbo mwembamba.

2. Ateri ya mesenteri ya juu. Hii hulisha karibu utumbo mwembamba wote, na nusu ya kwanza ya utumbo mpana.

3. Ateri ya mesenteri ya chini. Hii hulisha sehemu iliyobaki ya utumbo mpana.

Mesenteri ni nini? Yeyote aliyewahi kusafisha utumbo wa mbuzi siku ya sikukuu ameiona bila kujua jina lake. Ni ule utando mwembamba wenye mafuta, unaoushika utumbo wote usitawanyike. Mara nyingine utakapopewa kazi hiyo, usiukate upesi. Uinue kuelekea kwenye mwanga, nawe utaona mishipa imetandaa ndani yake kama matawi ya mwembe, na kila tawi limeungana na jirani yake kwa njia iliyopinda kama upinde. Miungano hiyo ina maana kubwa, nami nitaieleza mbele kidogo.

MFANO WA TANGI LA MAJI

Wote mwakumbuka taabu ya bweni la tatu mwaka jana. Maji yetu hutoka katika tangi moja, hugawanyika kwa mabomba, kila bweni na bomba lake. Usiku, mtu mmoja akifungua mfereji katika bweni la tatu, maji yalitoka vizuri. Lakini saa 11:30 alfajiri, wote tulipokwenda kuoga, mabweni mengine yalipata maji na bweni la tatu lilipata matone. Wenyeji wa bweni hilo walituhumiwa ya kuwa wanavunja mifereji. Fundi wa bomba alipolikata bomba lao, tuliona kutu imejaa ndani, na nafasi iliyobaki haikuzidi unene wa penseli.

Tazameni jambo hili vizuri. Usiku bomba lilikuwa bovu vilevile, ila hakuna aliyelidai kitu. Ubovu wake ulijulikana saa ya haja kubwa.

Ndivyo ulivyo utumbo wenye ateri nyembamba. Mtu anapokuwa hajala, damu kidogo inayopita yatosha, naye hasikii lolote. Akila, utumbo hudai damu zaidi, na ateri haiwezi kuongeza. Misuli ya utumbo hufanya kazi bila oksijeni ya kutosha, na hapo maumivu huanza. Kazi ikiisha, maumivu nayo hutulia. Ni jambo lilelile linalompata mtu ambaye ateri za moyo wake zimekuwa nyembamba: akikaa hana neno, akipanda mlima kifua humbana. Vivyo hivyo kwa yule ambaye ateri za miguu yake zimeziba: akitembea ndama za miguu humwuma, akisimama huachwa. Kazi ya mguu ni kutembea, na kazi ya utumbo ni chakula. Kwa hiyo twaweza kusema ya kuwa mlo ndio mlima wa utumbo.

HESABU YA BOMBA JEMBAMBA

Wapenzi wa Fizikia nao wana fungu lao hapa. Katika karne ya 19 daktari mmoja wa Ufaransa, jina lake Poiseuille, alipima jinsi maji yapitavyo katika mirija myembamba. Aliona ya kuwa kiasi kipitacho hakipungui sawasawa na nusu kipenyo cha mrija, bali hufuata kipeo cha nne cha nusu kipenyo hicho.

Na tufanye hesabu. Mrija ukiwa na nusu kipenyo kizima, tuseme 1, hupitisha kiasi cha 1. Nusu kipenyo kikipungua kikawa 1/2, basi:

1/2 × 1/2 × 1/2 × 1/2 = 1/16

Wengi wangedhani ya kuwa mrija huo ungepitisha nusu ya maji. La, hupitisha sehemu moja tu katika 16, ikiwa msukumo na urefu ni uleule. Hata upungufu mdogo una hasara yake. Nusu kipenyo kikiwa 4/5, kiasi kipitacho ni 256/625, yaani kama sehemu mbili katika tano.

Damu si maji matupu, na ateri si bomba la chuma, kwa hiyo hesabu hii haiwezi kutupa jibu kamili la mwili wa mtu. Lakini yatuonyesha kwa nini ateri inayozibika polepole kwa miaka mingi yaweza kukaa kimya, kisha ikaleta taabu ndani ya miezi michache. Hatua za mwisho za kuziba ndizo zenye gharama kubwa.

KUTU YA ATERI NI KITU GANI?

Katika wagonjwa walio wengi, kinachoziba ni mafuta yaitwayo lehemu, au kolesteroli, pamoja na chokaa na makovu, vinavyojijenga katika ukuta wa ateri. Jambo hili huchukua miaka mingi, na ndiyo sababu wagonjwa wengi wamepita umri wa miaka 60. Moshi wa tumbaku huliharakisha sana, na wengi wa wagonjwa hawa ni watu waliovuta. Presha, kisukari na wingi wa lehemu katika damu husaidiana na moshi. Ugonjwa huu huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, tofauti na magonjwa mengi ya mishipa. Mara chache sababu huwa nyingine, kama kuta za ateri kuvimba kwa ugonjwa, jambo liwezalo kumpata hata kijana.

KWA NINI MWILI HUVUMILIA MUDA MREFU?

Sasa nairudia ile miungano ya mishipa tuliyoiona katika mbuzi. Ateri zetu tatu hazikai kila moja peke yake. Kuna vijia vinavyounganisha ya kwanza na ya pili, na vingine vinavyounganisha ya pili na ya tatu. Moja ikiziba polepole, vijia hivyo hupanuka, na jirani humlisha jirani. Kwa sababu hiyo, kwa kawaida mtu haumwi mpaka ateri mbili kati ya tatu ziwe zimeharibika sana.

Katika miaka ya 1860, John Chiene wa Edinburgh, Uskochi, alieleza habari ya maiti aliyoichunguza, ambayo ateri zote tatu zilikuwa zimeziba kabisa. Hata hivyo viungo vya tumbo vilikuwa vikipata damu kwa vijia vya pembeni vitokavyo katika mishipa mingine ya mwili. Hapana budi kuustaajabia mwili ulioweza kujitengenezea njia hivyo. Lakini uwezo huo una hasara yake pia, maana humficha mgonjwa na humficha daktari. Dalili zinapotokea, mara nyingi akiba ya mwili imekwisha kutumika.

DALILI ZAKE

Daktari aliyemtibu Bibi alitueleza dalili hizi, nami naziandika kwa utaratibu:

Kwanza, maumivu huanza baada ya kula, mara nyingi kati ya dakika 15 na saa moja, na hukaa saa moja hadi tatu. Mlo ukiwa mkubwa, au wenye mafuta mengi, maumivu huzidi.

Pili, mgonjwa huogopa chakula. Hapo mwanzo hupunguza matonge, halafu huruka mlo, halafu hutafuta visingizio. Atasema ameshiba, atasema amefunga, atasema chakula hakina chumvi. Si kwamba hana hamu. Bibi alitwambia baadaye ya kuwa harufu ya samaki wa kukaanga ilikuwa ikimtoa mate, na huku moyo unamwenda mbio kwa hofu.

Tatu, mgonjwa hukonda sana. Hukonda hasa kwa sababu hali chakula cha kutosha.

Nne, daktari akiligusa tumbo hulikuta laini, halina uvimbe wala ugumu, na maumivu anayoyaeleza mgonjwa ni makubwa kuliko kinachoonekana. Wakati mwingine, akiweka chombo chake cha kusikilizia juu ya tumbo, husikia mvumo wa damu inayopita mahali pembamba.

Yafaa nionye hapa. Si kila aumwaye tumbo baada ya kula ana ugonjwa huu. Vidonda vya tumbo, mawe katika kifuko cha nyongo, na hata saratani ya mfuko wa chakula au ya kongosho, vyote vyaweza kuleta maumivu na kukonda. Tena mwanafunzi aliyekula maharage yasiyoiva vizuri akaumwa usiku mmoja, asije akaniambia ateri zake zimeziba! Lakini mtu mzima anayekonda bila kutaka, yeyote yule, apelekwe hospitali. Hiyo si kazi ya kubahatisha kwa dawa za dukani.

ELIMU HII ILIPATIKANAJE?

Mwaka 1936, Dunphy, mpasuaji wa Marekani, alitazama habari za watu waliokufa kwa sababu ateri za utumbo ziliziba. Aliona ya kuwa zaidi ya nusu yao walikuwa wamelalamika maumivu ya tumbo muda mrefu kabla ya siku ile ya mwisho. Maumivu yale yalikuwa onyo, na kama onyo hilo lingesikiwa mapema, pengine wangeokolewa.

Mwaka 1958, Shaw na Maynard wa mji wa Boston walitoa habari za wagonjwa wawili ambao ateri zao za mesenteri zilifunguliwa kwa kisu, uchafu ukatolewa ndani, nao wakapona. Kisha mwaka 1977, mjini Zurich, Uswisi, daktari Andreas Grüntzig aliweza kufungua ateri ya moyo wa mtu kwa puto dogo lililopitishwa ndani ya mshipa, bila kupasua kifua. Mwaka 1980 yeye na wenzake walieleza ya kuwa puto hilohilo limefungua ateri ya mesenteri ya juu.

VIPIMO NA TIBA

Kipimo cha kwanza ni ultrasaundi ya Dopla, ambayo hufanywa asubuhi kabla mgonjwa hajala. Mawimbi ya sauti tusiyoweza kuyasikia hupelekwa tumboni, hugonga chembe za damu zinazokwenda, na hurudi yakiwa yamebadilika kwa kadiri ya mwendo wake. Mahali palipo pembamba damu hukimbia kwa kasi zaidi, kama maji yanavyoruka mbali ukiubana mdomo wa mpira wa kumwagilia bustani. Msichanganye mambo mawili: kasi mahali pale huzidi, lakini kiasi cha damu kifikacho mbele hupungua.

Kipimo cha pili ni picha ya eksirei ipigwayo kwa kompyuta, iitwayo CT, baada ya dawa ya kuonyesha mishipa kutiwa katika damu. Katika picha hiyo aota na matawi yake huonekana wazi kama mti.

Tiba yenyewe ni kufungua njia. Siku hizi mara nyingi daktari huingiza mrija mwembamba katika ateri ya paja au ya mkono, huufikisha mahali palipoziba, hupapanua kwa puto, na huacha hapo kibomba cha wavu wa chuma kiitwacho stenti ili pasizibe tena. Kama njia hiyo haifai, wapasuaji huunganisha mshipa mwingine, au mrija uliotengenezwa, ili damu ipite kando ya mahali palipoziba. Baada ya hapo mgonjwa hupewa dawa ya kuzuia damu isigande, kama aspirini, na dawa ya kupunguza lehemu. Hupimwa mara kwa mara, maana njia yaweza kuwa nyembamba tena. Na tumbaku lazima aiache kabisa. Kula kidogo kidogo humpunguzia maumivu anapongoja tiba, lakini hakumponyi.

Kwa nini asingoje tu, akazoea kula kidogo? Kwa sababu siku moja damu yaweza kuganda mahali palepale palipo pembamba na kuziba njia yote kwa ghafula. Hapo maumivu huwa makali mno na hayaondoki, na utumbo waweza kufa kwa muda wa saa chache. Katika wanaofikiwa na hali hiyo, wengi hufa, hata katika nchi zenye hospitali kubwa. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua.

MWISHO WA KISA

Picha ya Bibi ilionyesha ateri ya siliaki imeziba kabisa, na ateri ya mesenteri ya juu imebakiwa na njia nyembamba kama uzi. Daktari aliyazungushia mahali pale pawili duara kwa kalamu, kisha akamwita baba na shangazi watazame. Hakujua habari za nyumbani kwetu. Aliwaambia tu, "Kisababishi ni hiki. Angekula chakula cha mtu yeyote, hata angejipikia mwenyewe, angeumwa vilevile." Baba alinisimulia ya kuwa shangazi aliitazama picha ile muda mrefu bila kusema neno.

Bibi aliwekewa stenti kwa njia ya mkono. Aliporudi nyumbani nilikuwa likizo. Shangazi alikuja naye. Ikawa saa ya chakula, na watu wakatazamana, maana haikujulikana nani atapika. Bibi akasema, "Mkaza mwanangu ndiye atakayenipikia." Mama akaingia jikoni. Muda kidogo shangazi naye akainuka, akamfuata, akakaa chini na kuanza kukuna nazi. Sikusikia kama alimwomba radhi. Nilisikia mbuzi ya nazi tu, na baadaye nikawasikia wanazungumza.

Chakula kilipoandaliwa Bibi alikula. Alikula polepole, kama mtu apitaye mahali alipowahi kuumwa na nyoka. Tulingoja nusu saa. Tulingoja saa nzima. Hakujikunja. Siku ile sinia haikusogezwa kwetu, hatukuachiwa hata mnofu mmoja, nasi tulifurahi kuliko siku zote tulizoachiwa.

Nikikumbuka minofu ile niliyokula mwaka mzima naona haya. Niliketi naye sinia moja, nikamwona anakonda, na swali halikunijia. Kwa hiyo nawaomba wenzangu, mwendapo likizo watazameni wazee wenu wakati wa chakula. Yule asemaye kila siku "nimeshiba", mwulizeni kwa adabu kama tumbo humwuma akila. Na kabla hamjamtafuta mtu wa kulaumiwa, tafuteni kwanza sababu iliyo mwilini. Tena kwa ninyi wachache mnaovuta sigara nyuma ya bweni, hesabu ya Poiseuille ninyi pia mnayo, na inaanza kuhesabiwa sasa.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja ateri tatu zinazolisha viungo vya tumbo, na useme kila moja hulisha sehemu zipi.

2. Eleza kwa nini mgonjwa wa namna hii haumwi anapokuwa hajala.

3. Nusu kipenyo cha mrija kikipungua kikawa 1/3, kiasi cha maji kipitacho kitakuwa sehemu gani ya kile cha kwanza? Onyesha hesabu.

4. Kwa nini mtu aweza kuwa na ateri moja iliyoziba bila kuona dalili yoyote?

5. Kuna tofauti gani kati ya upungufu wa damu mwilini na kutofika kwa damu katika utumbo?

Mwanafunzi wa Kidato cha IV